Baba Yako Amelala

Bungoma, 3 Machi 1953

Kwa mwanangu Walubengo,

Salamu nyingi. Je, mwili wako uko salama? Unakula? Baridi ya Kitale inauma, vaa ile fulana hata kama wenzako wanacheka. Sisi tuko. Ndugu yako Sellah yuko, kuku wako mwekundu yuko. Mbaya ni baba yako tu. Kikohozi kimemshika, sasa ni wiki ya tatu hajalala. Akiinamisha kichwa kidogo, kinaanza. Anakaa ameegemea ukuta, anauliza, "Barua ya Kitale imekuja?" Njoo umwone, mwanangu. Hata siku mbili.

Naandika mwenyewe, sitaki mtu wa kunisaidia. Ukiona langi ya wino imefifia, nimeongeza maji.

Ni mimi mama yako,
Nakhungu


Kitale, 8 Machi 1953

Mama mpendwa,

Mimi ni mzima, na fulana nimevaa. Mama, ni "rangi," si "langi." Nimecheka peke yangu hapa uani. Lakini habari ya kikohozi ilinimalizia kicheko.

Ningekuja leo. Shida ni Mzee Hamdun, huyu mwenye duka ninayemfanyia kazi. Anamwoza binti yake Sabiha tarehe 28, na gari lake jeusi ndilo litambeba bibi arusi. Ameazima mashine ya umeme ya kung'arisha. Kichwa cha mashine ni cha mviringo, kimevaa ngozi ya kondoo, kinazunguka kama kimepandwa na pepo. Aliuliza nani anaijua, mimi nikasema naijua. Mama, siijui. Gari likiwa kivulini linapendeza. Likitoka juani, mwili mzima ni miviringo kama utando wa buibui. Dawa ya kung'arishia inakauka na kuwa unga kabla sijaifuta. Na jana, kwenye ukingo wa madigadi, mashine ilikula rangi mpaka ile nyekundu ya chini ikatokea. Mzee Hamdun alisimama akatazama, akasema, "Walubengo, nilikupa farasi, unanirudishia punda milia?" Amesema sitoki hapa mpaka gari liwe kioo.

Niandikie siku baba atakapolala. Nikisikia amelala tu, moyo utatulia.

Mwanao,
Walubengo


Bungoma, 12 Machi 1953

Mwanangu,

Wote wanakusalimu, hata Absalom, ndugu ya baba yako, amekuja kukaa nasi. Baba yako bado hajalala. Nilimsomea barua. Alicheka ile punda milia mpaka kikohozi kikamkata pumzi, tukampigapiga mgongo.

Gari silijui. Lakini chungu nakijua. Si ulikuwa unakaa kando yangu nikisugua vyungu kwa kijiwe, umesahau? Kijiwe kikishika punje moja ya mchanga, chungu chote kinachorwa. Hiyo ngozi ya kondoo ioshe, halafu tafuta mchanga kwa vidole, utaupata. Usifanyie kazi juani. Udongo ukikauka, kijiwe kinakwaruza. Paka dawa kidogo, mahali padogo kama sahani, maliza hapo ndio usogee. Na usikandamize! Mwenye woga ndiye anayekandamiza. Pale kwenye mdomo wa chungu hatupitishi kijiwe kabisa, tunatumia kidole.

Baba yako anasema, "Mwambie amalize, asimwachie mtu kazi ya aibu. Lakini amalize mbio."

Mama yako


Kitale, 16 Machi 1953

Mama,

Shikamoo wewe, shikamoo baba. Ulikuwa hapa, ama? Nilisuuza ngozi maji matatu, nikatoa mchanga wa kutosha kupigia plasta! Nimehamia kivulini, naiacha mashine ijibebe yenyewe, kingo zote nazifuta kwa kitambaa. Ile miviringo imeondoka. Jana Mzee Hamdun alichana ndevu zake akijitazama kwenye mlango wa gari, nikamwambia aliyenifundisha ni mama yangu, fundi wa vyungu. Akasema, "Basi nilikosea, ningemwajiri mama yako."

Limebaki lile jeraha la madigadi. Fundi amepulizia rangi mpya, amesema ikauke wiki nzima kabla sijaigusa. Harusi ikiisha tu, Jumapili tarehe 29 niko kwenu.

Baba amelala?

Mwanao


Bungoma, 19 Machi 1953

Mwanangu Walubengo,

Salamu. Naandika machache.

Baba yako amelala. Ni leo, saa nne asubuhi. Kikohozi kimenyamaza. Uso wake umetulia.

Tunakungoja.

Mama yako


Kitale, 24 Machi 1953

Mama yangu mzuri,

Barua yako nimeisoma mara nne! Nilikuwa chini ya gari, nikainuka nikagonga kichwa, wala sikusikia maumivu. Amelala! Na kikohozi kimenyamaza! Hata Sabiha alitoka jikoni kuuliza ninaimba nini. Nilikuwa nimepanga kumwomba Mzee ruhusa nije kabla ya harusi. Sasa sina haraka, nitamaliza kazi vizuri kama baba alivyosema.

Mzee Hamdun amenipa kifuniko cha gurudumu, cha gari la zamani. Nimekipitishia mashine mpaka kinaonyesha kope. Nitakileta baba ajione. Nitamwita kutoka kule njia panda: Papa, amka uone! Mpaka siku hiyo, mwacheni alale. Msimwamshe hata kwa uji.

Mwanao mwenye furaha,
Walubengo


Bungoma, 27 Machi 1953

Walubengo, mtoto wangu,

Leo sijui nikusalimu vipi. Barua yako imefika watu wa matanga wakiwa wamekaa hapa. Sellah akaifungua akawasomea, tulidhani unauliza habari za mazishi. Alipofika pale "msimwamshe hata kwa uji," akaiweka chini. Absalom akasimama. "Tuliushikilia mwili mpaka Jumamosi jioni tukimngoja, na yeye anasema hana haraka?" Nikaichukua ile barua. Nikasema, "Shemeji, mwache mtoto wangu. Kosa ni langu."

Baba yako alikufa. Haya, nimeliandika. Siku ile kalamu ilifika kwenye neno hilo ikakataa, nikaandika vile wanavyosema kanisani. Wewe ulikuwa umeuliza amelala, na mimi nikakujibu amelala. Nilizichunga hata herufi, nisiweke R mahali pa L, usije ukanicheka. Herufi zilikaa sawa zote.

Alikutaja asubuhi hiyo hiyo. Aliuliza kama ile miviringo imetoka. Nikamwambia imetoka yote.

Nampa barua hii Kipkoech wa lori la mahindi, anasema atakuwa Kitale kesho. Soma ukiwa umekaa. Na ukija, tafadhali, pita njia panda kimya.

Mama yako


Jumapili, 29 Machi

Barua bado iko kwangu, naongeza chini yake. Kipkoech hakupita. Mvua imenyesha siku mbili, lori limekwama kwenye matope. Nimemtuma Sellah njia panda tangu asubuhi akuzuie, lakini amerudi kuchukua shuka, mvua inamnyeshea. Nimekaa mlangoni. Kaburi liko hapa mbele, utaliona kabla ya kuniona mimi.

Jua limetoka kidogo. Kuna kitu kinamulika kule chini mashambani, kama kioo. Kinapanda kuja huku.

Ni wewe. Unamwita.

Naweka kalamu, nije mbio