Papa, "Kali" Yako Haikuwa ya Jua

Papa,

Pipa bado liko pale pale chini ya bati, na mfereji wa mwanzi ulioupasua mwenyewe bado unageuka. Nilifika Karuba Jumamosi, na kabla hata ya kumsalimia Mama vizuri niliugusa.

Unakumbuka asubuhi zetu? Ulishuka shambani maharagwe yakiwa na umande, ukachuma jani moja, ukalilamba, ukatulia kama mtu anayesikiliza. Siku nyingine ulipanda nyumbani haraka na kuusogeza mfereji ili mvua isiingie pipani. "Ile mulima ikivuta tumbako, siye njo tunakohoa," ulisema, ukitazama upande wa volkano ya Nyamulagira. Mimi nilikataa kulamba. Ukanicheka: "Mbuzi inakula shamba muzima, weye Furaha unaogopa jani moya?" Kisha uliingia ndani kuandika neno moja kwenye kaye, daftari langu la zamani la shule. Sikuwahi kuuliza ni neno gani. Nilikuwa na haraka ya kwenda darasani kujifunza mambo makubwa.

Tangu tulipokuzika, nimepewa kazi chuoni Goma. Napima modeli, yaani programu ya kompyuta inayotabiri moshi wa volkano utaelekea wapi kesho na keshokutwa: kwetu Masisi, au mbali zaidi, juu ya misitu ya Walikale. Ikionekana inasema kweli, watu wa vilima vyetu watapata ujumbe kwenye simu, wageuze mifereji kabla ya mvua kuharibu maji ya kunywa. Ikionekana inadanganya, itaachwa. Na kuipima kunahitaji mtu aliyekuwepo siku iliyotabiriwa, aliyeijua hewa. Karuba hatuna mashine ya kupima hewa. Tulikuwa na wewe.

Kwa hiyo, kabla ya safari hii, nilichukua kaye yako. "Baridi." "Mvua." "Kali." "Muzuri." Kila siku neno moja, kwa mwandiko wako ulioinama. Nikayaweka maneno yako upande mmoja, utabiri wa modeli upande wa pili. Hayakupatana. Modeli iliposema moshi, wewe mara nyingi uliandika "kali", nami nikasoma jua kali, siku safi. Nikaandika kwenye ripoti kwamba modeli inatisha watu bure. Ilikuwa tayari kumfikia profesa Jumatatu.

Jumamosi ile nilimsomea Mama ripoti hiyo, yeye akichambua maharagwe. Alicheka mpaka ungo ukamponyoka.

"Jua kali hapa Karuba, kwenye tunalala na makoti? Masomo yote ile, na haujue luga ya papa yako? Kali njo jani! Moshi ya mulima ikishuka, jani inakuwa kali kwa ulimi!"

Papa, nisamehe. Nilikuwa karibu kulitupa neno lako, na pamoja nalo maji ya watu wote wa hapa. Ni asubuhi ngapi uliniita nilambe jani lile?

Nimeanza upya. Sasa modeli na wewe mnapatana siku nyingi. Kuna siku inasema hewa safi na wewe umeandika "kali". Hizo nimekuamini wewe, na nimeeleza wazi kwamba inakosea pale moshi unaposhuka mabondeni. Nimeomba itumike, ikiendelea kurekebishwa.

Kurasa za siku zako za mwisho ni nyeupe. Modeli inasema moshi ulipita juu yetu. Labda. Sijaandika kitu. Hakuna aliyelamba.

Leo asubuhi modeli ilisema moshi tena. Nimeshuka shambani peke yangu, nikachuma jani, nikafumba macho kama mtoto anayekunywa dawa. Ulimi ulikaza kwa ukali. Nililia pale pale katikati ya maharagwe, halafu nikapanda kugeuza mfereji. Chini ya neno lako la mwisho nimeandika langu la kwanza: "Kali."

Lala vizuri, Papa. Nikirudi Goma, Mama atalamba na kunipigia simu. Ameshaanza kujisifu kwamba ulimi wake unashinda ordinateri yangu yenye modeli. Nakuahidi kaye haitakaa nyeupe tena, na ujumbe ukifika Karuba utasema maneno yako yenyewe: "Leo kali. Geuzeni mufereji."

Ni mimi Furaha, asiyeogopa jani tena.