Jina Lililorukwa Redioni

Rodi Kopany,
Alhamisi.

Kwako Omanga,

Salamu sina. Ng'ombe amezaa na mahindi yamenyauka, basi.

Jumapili redio yako ilitimiza miaka kumi, nikakusikia ukisimulia historia yake. Eti ulianzia Migori, peke yako. Stoo ya Mama hapa Rodi, ambamo tulibandika trei za mayai ukutani ili sauti isipige mwangwi, hukuitaja. Wala Mama hukumtaja, na ndiye aliyesoma matangazo ya vifo mwanzoni, kwa sababu wewe ulikuwa ukiruka wake wenza na wakwe, watu wakagombana matangani. Yeye ndiye aliyekufunza kwamba jina la jamaa halirukwi.

Alisikiliza akiwa kitandani, redio iko kifuani. Alingoja mpaka kipindi kikaisha, akaniambia, "Moraa, zima hiyo kitu." Tangu hapo hakutaka kuiwasha tena.

Leo asubuhi ametuacha.

Simu zangu hushiki, ndiyo maana nakuandikia. Tangazo nimelipeleka kwa wapinzani wako, watalisoma saa moja jioni. Jina lako sijaliruka. Liko mwisho, baada ya majirani.

Dada yako,
Moraa