Nilikula Chakula ya Marehemu

Yaya Masika,

Nakusalimia toka Mexique. Nakuandikia ku karte juu ku telefone ungenicheka. Juzi nilitoka ku stage, kule tunajifunza kazi ya kahawa, na njaa mingi. Mu salon ya mama mwenye nakaa kwake, nilikuta meza iko na maua ya manjano, mukate, maharagi na kahawa ya moto. Nilisema ni kama kwetu Butembo, mugeni anawekewa yake pembeni. Nikafanya alama ya musalaba, nikakula yote.

Kumbe ilikuwa ya bwana yake mwenye alikufa! Huku bafu, batu benye balikufa, bako na fête, sikukuu yabo, banabapikia. Mama ule aliingia, akaona sahani, hapana kukasirika. Alipakula ingine, akaniambia: «Na wewe leta picha ya mufu wako, bakule pamoja.»

Nilitafuta mu telefone. Picha yangu ku uwanja ya ndege ya Mavivi na valise, iko mingi sana. Ya Papa, hata moja hapana. Hapo njo nilisikia haya ya kweli. Nilimuwekea Papa kahawa bila picha.

Tafazali, piga picha ya Papa ile ya mu salon, unitumie. Umukumbatie Mama na batoto. Lakini Mama, hapana kumuambia juu ya nini naomba; asijue kama nilisafiri bila picha ya Papa.

Mudogo wako,
Kasereka