Faili Tatu za Gibson Chepyegon

Mogogosiek, 3 Machi 1997

Binti yangu Nelvine,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi tuko wazima, na mguu wa mama yako umepona. Mvua imeanza vizuri. Je, wewe uko salama huko Nairobi?

Nakuandikia juu ya hati ya shamba. Kwa ofisi ya ardhi mimi ni Chepyegon. Kitambulisho kinasema Jebyegon, vile karani alisikia. Nimerudishwa mara nne. "Mzee, leta mwenye shamba." Nikamwambia karani wa ardhi ni mimi. Akacheka. Wewe uko kwa kompyuta za serikali, nisaidie.

Baba yako,
Gibson

Nairobi, 17 Machi 1997

Baba mpendwa,

Habari za huko? Mimi niko mzima, ni baridi kidogo tu.

Umeandika wakati mzuri. Kila ofisi ina kompyuta yake, na haielewi ya mwenzake. Ardhi wanasema "mwenye shamba", vitambulisho wanasema "mwananchi", ofisi ya kuandikisha vizazi wanasema "baba wa mtoto". Sisi tunafundisha mashine kwamba hawa wanaweza kuwa mtu mmoja hata jina likiandikwa tofauti, kama kijiji na mwaka wa kuzaliwa vinalingana. Tunajaribu na watu wachache. Nimekuweka wa kwanza.

Binti yako,
Nelvine

Mogogosiek, 26 Machi 1997

Nelvine,

Natumai uko mzima. Toa jina langu kwa hiyo kazi. Nitaenda kuapa kwa wakili, yatosha. Usiulize sana.

Baba yako

Nairobi, 21 Aprili 1997

Baba,

Salamu. Barua yako ilinikuta nimeshaona.

Mashine imeleta shamba moja, kitambulisho kimoja na watoto watatu: mimi, ndugu yangu Kipkurui, na Phyllis, aliyezaliwa Sotik mwaka wa 1979. Mama yake ameandikwa Bitutu, si mama yetu. Inauliza kama huyu baba ni mtu mmoja, ndiyo au hapana. Anayejibu ni mimi. Nikisema hapana, faili zako zote zinabaki mbalimbali.

Sijajibu. Mama hajasikia kwangu.

Binti yako

Mogogosiek, 30 Juni 1997

Nelvine,

Salamu. Afya yangu si mbaya.

Nimechelewa kwa sababu nilianza na mama yako. Nilimwambia tukichuma majani ya chai, kila mtu kwa mstari wake. Alijaza kikapu akaenda kupimisha. Wiki tatu tuliongea juu ya ng'ombe tu.

Halafu nikaenda Sotik. Huyo msichana amefika miaka kumi na nane, na chifu amemnyima fomu ya kitambulisho mara mbili kwa sababu baba hajaonekana. Chifu akaniuliza, "Wewe ni nani wake?" Nikasema, "Mimi ni baba yake," foleni yote ikisikia. Phyllis aliangalia chini. Alipochukuliwa alama za vidole na kumaliza kupanguza wino, aliniuliza kama nimekula.

Jibu ndiyo.

Mama yako bado ana uchungu na mimi, na ni haki yake. Lakini jana amesema niandike hapa kwamba ukija Desemba, upitie Sotik, mje wawili.

Baba yenu,
Gibson