Taa ya Manjano

Jumanne, 26 Machi 1996

Leo gereji kumeletwa gari! Jekundu, milango miwili, limelala chini kama paka anayewinda. Zee lakini — rangi imepauka mgongoni. Ni la Bwana Gachanja wa Buruburu, karani wa bima. Alilinunua kwa Mzungu aliyekuwa anarudi kwao.

Shida ni breki. Kwenye dashibodi kuna taa ya manjano, ABS, inawaka inapojisikia. Kitonga, fundi ninayeishi naye, amenieleza tukila. Hizi breki zina akili zake. Ukikanyaga kwa nguvu penye matope, zinashika na kuachia zenyewe, mbio mbio, gurudumu lisiteleze. Lakini za hili zimechanganyikiwa. Unataka kusimama tu polepole — pedali inatetemeka, breki zinaachia, gari linaendelea kwenda! Gachanja karibu amgonge mtu wa mkokoteni.

Kitonga hajawahi kushika ABS. Hakumwambia. Kwa sababu Gachanja amesema kaka yake ana gereji kubwa Industrial Area, na fundi atakayeliponya hili gari ataandikwa huko. Kazi ya mwezi, si hii ya kungoja gari liharibike ndio tule.

"Nikiandikwa, Mama Mbinya, mbuzi zinaenda kwenu."

Mbuzi za ntheo, za kufunga ndoa kwetu Ukambani. Mwaka wa pili nazisikia kwa mdomo tu. Mbinya ameota meno, anatembea, na kwa baba yangu Kangundo mimi ni msichana aliyetumwa dukani hajarudi. Mama alishasema: bila mbuzi hujaolewa, umekaa tu. Na mtoto si wa huyo mwanamume, ni wa boma letu.

Lakini leo alisema huku ananitazama. Si kama siku zile zingine.

Alhamisi, 28 Machi

Leo nilikuwa mguu wa breki! Walikuwa wanatoa hewa kwenye breki. Mimi kwenye kiti, Mbinya mapajani, Kitonga chini ya gari na spana.

"Pampu!" Napampu. "Shika!" Nashika. "Haya, achia."

Shitanda, fundi mwenzake, hawezi kunyamaza, akaninyooshea kidole: "Kitonga, hii ndiyo spea orijino. Usiiache nje inyeshewe!"

Nilicheka. Kitonga hakucheka.

Mafuta mapya ya breki, fyuzi nzima, betri nzima. Akawasha. Taa hiyo hapo. Akaipiga dashibodi ngumi. Mbinya akalia.

Jumamosi, 30 Machi

Gachanja alikuja kuangalia, na mkewe Waringa, na mtoto wao Kimani. Kimani na Mbinya wanalingana. Walikaa chini wakagombania nati moja kubwa mpaka wakasahau walichogombania. Waringa amenipa sweta. Amesema limembana Kimani. Si kweli, bado mpya kabisa. Mama mzuri.

Gachanja alilitoa gari hadi uwanjani penye matope, akakanyaga breki kwa nguvu. Akarudi anacheka kama mtoto. "Nimesikia pedali ikinipiga mguu! Hiyo ndiyo ABS. Ndiyo niliyoilipia." Kwake kutetemeka ndiyo raha. Hajui kwamba kutetemeka kunapokuja bila kuitwa ndiyo ugonjwa — au anajua na hajali, mradi taa izime. Ijumaa Kuu alfajiri wanaenda Mombasa, wote watatu. Akamwambia Kitonga mbele yangu: taa ikizima kabla ya Pasaka, Jumanne unaripoti kazini.

Jumatatu, 1 Aprili

Kila gurudumu lina jicho lake, sensa, linaloziambia breki kasi. Kitonga ameyasugua yote kwa brashi na petroli. Mimi nilikuwa ndani tena. Nikaona kitu. Taa haiwaki ovyo! Inawaka usukani ukikatwa kushoto mpaka mwisho. Ukizima injini ukawasha tena, inapotea. Ukikata kushoto, hiyo.

Nikamwambia. Shitanda akapiga mluzi: "Heh! Fundi Mama Mbinya!" Kitonga akasema darasa langu la sita halifundishi magari.

Lakini baadaye nilimwona amechuchumaa penye gurudumu la mbele, anaupapasa waya wa sensa kidole kwa kidole. Umekatikia ndani ya mpira, pale unapojikunja. Kwa nje mzima.

Hakuniambia asante. Sawa. Waya ukipatikana, nami nimepata.

Jumanne, 2 Aprili

Aliunganisha waya. Umeshika asubuhi, saa nane umeachia. Anasema inatakiwa sensa nzima na waya wake, na mjini kote hakuna. Mpaka iagizwe ng'ambo. Hajala.

Nimeomba. Nimemwambia Mungu waziwazi, si kwa mafumbo.

Jumatano, 3 Aprili

Imezima!!! Kata kushoto, kata kulia — giza. Kitonga aliniita nione mwenyewe. Gachanja amelichukua, akakanyaga breki pale pale uwanjani, pedali ikatetemeka, akampa Kitonga mkono mara mbili.

Jioni Kitonga alienda kwa dereva wa basi la Kangundo, akampa ujumbe kwa baba: Jumatatu ya Pasaka tunakuja, na mbuzi. Ametuma kweli. Nilimwomba twende wote nisikie akisema, nikasimama hapo hapo.

Nitavaa ile nguo ya bluu.

Alhamisi, 4 Aprili

Nilikuwa nafua ovaroli ili Jumanne aende kazini msafi. Mfukoni kuna kitu kigumu. Balbu. Ndogo kama punje ya mahindi. Na ni nzima, uzi haujakatika.

Nilikaa na povu mikononi. Nilielewa kabla ya kumuuliza.

Alikuwa amelala. Nikamwonyesha. Hata hakukana. "Taa si imezima?"

Na waya? Waya ni ule ule. Shitanda alimshauri atoe fyuzi, zibaki breki za kawaida, zisiachie ovyo, na mwenye gari aambiwe. Akakataa. Bila fyuzi pedali haitetemeki, na Gachanja angejua. Kwa hiyo ugonjwa ameuacha, akatoa kinachousema.

Nikasema, kuna mtoto humo. Akasema wataenda na watarudi, watu wanaendesha magari mabovu kuliko hilo. Nikasema, ni Kimani. Hapo akaketi.

"Ukifungua mdomo, Kaluki, nenda kwenu hivyo hivyo ulivyokuja."

Ameniita Kaluki. Tangu Mbinya azaliwe hajaniita hivyo.

Saa hii niko Buruburu. Nimekaa kwenye jiwe nje ya lango lao, Mbinya mgongoni amelala na lile sweta. Naandika ili nisiinuke nikarudi. Manyunyu yameanza. Naliona gari, limeoshwa. Waringa anapanga mizigo. Kimani ameshajiketisha kiti cha nyuma, hataki kutolewa, analia "Mombasa! Mombasa!" na safari ni kesho.

Baba atakuwa ameshapata ujumbe. Labda ameshawaambia majirani.

Mlinzi amenijia. Mama, unamtaka nani? Nikasema Bwana Gachanja. Akaniangalia vizuri, akakumbuka kuniona gereji siku aliyomsindikiza bosi wake kuleta gari.

"Niseme nani? Mke wa fundi?"

Nikamkaza Mbinya mgongoni. Amelichukua hilo kuwa ndiyo, ameingia kuita.

Mke wa fundi. Hakuna aliyewahi kuniita hivyo.

Balbu iko ngumini, imeshika joto. Nasikia malapa ya Gachanja kwenye changarawe.