Mpiga tarumbeta wa Kariakoo

Shikamoo Bibi,

Huku Kariakoo joto halina adabu. Jana mzee mmoja anayeuza nyimbo za zamani alidai alipiga tarumbeta kwenye bendi uliyoimba ujanani. Sikumwamini, maana wauzaji wa hapa hujifanya wanamjua kila mteja. Nikamtega.

"Bibi yangu alikuwa akinywa nini kabla ya kupanda jukwaani?"

"Maji ya moto yenye chumvi, binti. Tulikuwa tunachoka kumsubiri ayamalize."

Hapo nikamwamini, kwa kuwa hata leo unayanywa kabla ya kuimba kwaya. Nilipouliza kwa nini uliacha bendi, akainamisha uso. "Kamuulize mwenyewe."

Sasa nashuku kulikuwa na jambo kati yenu wawili. Mungu akutunzie sauti hiyo mpaka nije kusikia jibu.

Mjukuu wako akupendaye,
Neema