Kajumba ya Mizimu

Kingi, mwezi wa tatu 1953

Kaka Hakorimana wa Walikale,

Maharagi imeiva vizuri. Mama anakohoa kidogo tu.

Uliniandikia niache kusoma Biblia, nyumba ipate amani. Sitaacha. Tangu tulimuzika mutoto wangu Vestine, baba mukwe anasema ile kusoma njo ilimuua. Alijenga kajumba ya mizimu mbele ya mulango yangu, eti ilinde mimba hii. Sikubishana. Kila asubui ninaingia mule na Biblia, ninasoma kwa sauti mpaka uji inaiva. Siku zingine ninasoma na machozi.

Jana baba mukwe alileta panga abomoe ile kajumba, eti mizimu imekimbia. Nilimwambia, “Papa, ngoja kwanza. Mvua iko nyingi. Nitasomea wapi?”

Dada yako mwenye kichwa ngumu,
Mukashema